Mboji ya Nchi ya Mvua

Vipeperushi vingi vya kilimo hai vinavyogawiwa Afrika Mashariki humpa mkulima ushauri ule ule: chimba shimo, panga majani na samadi, mwagia maji, funika, kisha mwagia tena. Ni ushauri mzuri kwa Kitui, kwa Dodoma, kwa kila mahali ambako mbingu ni bahili. Ukiufuata neno kwa neno katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, utapata dimbwi jeusi lenye harufu ya yai bovu. Huku mvua ya mwaka mara nyingi hupita milimita 1,500, mashamba mengi yako zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mengine hata 2,000 na ushei, na kiangazi cha kweli ni kuanzia Juni hadi Agosti basi. Maji yapo tele. Fundi wa mboji wa Masisi anajulikana kwa namna anavyoyazuia.

Nimewaangalia akina mama wa vilima hivi wakiifanya kazi hiyo, na kila nikiangalia naona jinsi ilivyo pana kuliko maneno tunayoyatumia kuieleza. Mtu akipita njiani anaona takataka zimekusanywa. Aliyezikusanya anajua kila tabaka lilitoka wapi, lilikatwa lini, na lilikuwa na unyevu kiasi gani siku lilipowekwa.

Kwanza, kwa nini mboji? Mgeni akifika Sake na kuona mawe meusi ya lava, halafu apande hadi Mushaki akute kijani kila upande, hudhani udongo wa volkano unajitosheleza wenyewe. Ni kweli una rutuba, lakini una mambo yake. Udongo uliotokana na majivu ya volkano huishika fosforasi kwa nguvu, ikawa imo ardhini na mmea hauipati. Ukienda mbali zaidi na volkano unakutana na udongo mwekundu, mzee, uliooshwa na mvua za miaka na miaka. Juu ya hayo kuna mteremko. Mvua moja kali ya Aprili inaweza kubeba hadi bondeni udongo ambao familia ilitegemea kulima Septemba. Na kuna jambo ambalo kila mtu wa Masisi analijua bila kufundishwa: ardhi haitoshi. Malisho makubwa yenye ng'ombe wanaotoa ile jibini inayouzwa mjini Goma yanapakana na vishamba vya watu ambao hawana hata ndama mmoja. Ng'ombe hulala nje malishoni na samadi yao hutawanyika humo humo. Mwenye kishamba hulima sezoni A inayoanza Septemba, hulima sezoni B inayoanza Februari, na udongo haupati nafasi ya kupumzika. Mtu wa namna hiyo asipotengeneza mbolea kwa mikono yake, hana pa kuitoa.

Mama mmoja wa upande wa Karuba, mwenye bustani ya kabichi, karoti na poro, alinionyesha rundo lake tangu siku ya kulianzisha. Alichagua pahali penye mteremko kidogo, kando ya migomba. Upande wa juu alichimba mfereji mwembamba, upana wa jembe moja, ili maji yanayoshuka mlimani yapite pembeni. Chini hakuchimba kitu. Alilaza mabua ya mahindi yakielekea upande mmoja, juu yake akalaza matete yakikatiza, na kati ya mabua ukabaki uwazi ambao mkono ungepenya. Hewa inaingia kwa chini, na maji yakizidi yana njia ya kutokea. Kazi hii pekee ilimchukua sehemu kubwa ya asubuhi. Jirani aliyepita angeweza kudhani anatengeneza kitanda cha kukaushia maharagwe.

Kilichonishangaza zaidi ni akiba yake. Chini ya upenu wa jiko alikuwa na magunia ya maganda na mashina makavu ya maharagwe, yaliyowekwa tangu mavuno, na kando yake majani makavu ya mahindi yamefungwa mafungu. Wengine huyachoma papo hapo shambani baada ya kupura. Yeye huyatunza kwa uangalifu ule ule anaoitunzia mbegu, maana ameshaelewa hesabu ya nchi ya mvua: majani mabichi huku hayakosekani mwezi wowote, ila kikavu mwezi wa Novemba ni mali. Vijidudu vinavyoozesha rundo vinahitaji vyote viwili. Wataalamu husema kaboni iwe sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mama huyu anapima kwa makumbatio: matatu ya vikavu, moja la vibichi, halafu samadi ya kufunika tu. Nilipojaribu kulinganisha hesabu hizo mbili niliona kwamba hazipishani sana.

Kibichi chake anachokipenda ni alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya njano unaojaza kingo za barabara na mipaka ya mashamba Kivu nzima. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapo mwanzo uliletwa Afrika kwa ajili ya uzuri wa maua. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 walipima majani yake makavu wakakuta naitrojeni takriban asilimia 3.5, potasiamu asilimia 4 hivi, na fosforasi ya kutosha kuizidi mimea mingi ya aina yake. Mama wa Karuba hakuwahi kusoma vipimo hivyo. Anajua tu kwamba ukiukata ukiwa bado laini, kabla shina halijawa mti, unaoza haraka na unalitia rundo moto. Huukata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, juu ya gogo, bila haraka. Majani ya mkaratusi hayagusi kabisa ingawa mikaratusi imejaa kilimani, kwa sababu mafuta yake huchelewesha kuoza.

Na samadi? Mbuzi anao wawili. Iliyobaki inatoka kwa kobayi, wale simbilisi wanaofugwa ndani ya jiko. Katika nchi ambako ng'ombe na mbuzi wameporwa mara nyingi, mnyama anayefichika, anayezaa haraka na anayeweza kubebwa ndani ya kikapu usiku wa kukimbia ni mnyama wa akili. Watoto ndio wanaomletea majani. Kila asubuhi sakafu inafagiliwa, na kinachofagiliwa tayari ni nusu ya mboji: mavi madogo makavu, masalio ya majani yaliyokatwakatwa na meno, na majivu kidogo ya mafiga. Hakuna kipeperushi nilichokisoma ambacho kimempa simbilisi heshima anayostahili.

Majivu yenyewe anayashika kwa tahadhari. Udongo wa huku una tabia ya kuwa na asidi, na upande wa mashariki wa Masisi hali inazidishwa na volkano: upepo mara nyingi husukuma moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira kuelekea magharibi, na mvua inayopita katika moshi huo hushuka na asidi inayounguza majani ya maharagwe. Majivu ya kuni yanapunguza asidi na yana potasiamu. Lakini ukiyamwaga mengi juu ya samadi mbichi, naitrojeni inageuka hewa ya amonia na kuondoka. Pua itakuambia papo hapo. Kwa hiyo anayanyunyiza juu ya tabaka la vikavu, kidogo tu kama anayetia chumvi, na mengine anayahifadhi kwa ajili ya mashina ya kabichi.

Rundo linapanda hadi kimo cha kifua siku ile ile. Hili alilisisitiza. Katika ubaridi wa vilima hivi rundo dogo linapoteza joto zaidi usiku kuliko linavyolizalisha mchana, kwa hiyo kuongeza kidogo kidogo kila siku ni kujidanganya. Bora kungoja wiki tatu, akiba itimie, kisha ujenge mara moja. Juu anaacha mgongo, maana mahali palipo bapa maji hutuama. Kisha anaezeka kwa majani makavu ya mgomba, akianzia chini na kupanda, kila safu ikilalia iliyo chini yake.

Nilimuuliza, “Mama, si limekauka mno?”

“Papa, mvua itafika tu,” alijibu. “Likikosa maji nitaongeza. Likizidiwa, maji nitayatoa na nini?”

Sijapata kusikia kanuni ya mboji ya nchi ya mvua ikisemwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Kabla ya kumaliza alichomeka mti mrefu mkavu, ulionyooka, kwa kukingama hadi katikati ya rundo. Siku ya tatu aliuchomoa na kuushika kwa kiganja pale ulipokuwa katikati. Ulikuwa moto kiasi cha kukufanya uuachie upesi. Joto la namna hiyo, nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi likienda vizuri, ndilo linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Mti ule ni chombo cha kusomea. Ukitoka moto na unyevu kidogo, rundo liko sawa. Ukitoka mkavu, na utandu mweupe umeshika majani ya ndani, lina kiu. Ukitoka baridi, umelowa na unanuka, hewa imekatika, inabidi kulivunja na kutia vikavu. Mafundi wa kweli huuchomoa mti hata pasipokuwa na sababu, mara nyingine kila wanapopita kwenda kisimani. Wanajua rundo la leo likoje kwa sababu wanalijua la jana.

Kugeuza ndiyo kazi nzito, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Baada ya wiki tatu hivi joto linashuka, na hapo rundo lote linahamishwa: kilichokuwa nje kinaingia ndani, cha juu kinakwenda chini. Wiki tatu nyingine, tena. Huku lazima uchague saa. Ukungu uwe umeondoka, na mawingu ya alasiri yawe bado hayajakusanyika. Kati ya hapo una saa tatu au nne. Akigeuza, anachukua konzi moja na kuikamua. Matone mawili matatu yakijitokeza kati ya vidole, vema. Yakichuruzika, analitandaza lipigwe na jua kabla ya kulijenga upya. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, akikamua na kutupa, akikamua na kutupa, kila sehemu ya rundo peke yake, kwa sababu rundo moja linaweza kuwa na kiu kushoto na kulowa kulia.

Ustadi huu una historia ndefu, na watu wa Masisi hawako peke yao ndani yake. Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi India, alitumia miaka ya 1924 hadi 1931 katika kituo cha Indore akichunguza namna ya kugeuza masalio ya mashamba kuwa mboji, na mengi aliyajenga juu ya yale aliyoyaona kwa wakulima wa Asia. Njia ya Indore ilisambaa dunia nzima, na vipeperushi vyetu ni wajukuu wake. Lakini Howard na mwenzake Yeshwant Wad walipoieleza katika kitabu chao cha mwaka 1931 walitenganisha majira: mashimo ni ya kiangazi, na masika yakifika mboji inatolewa na kupangwa juu ya ardhi ili isizame. Katika safari ya kutoka kitabu hadi kipeperushi, nusu hiyo ya pili imekuwa ikidondoka njiani. Wanawake wa Masisi wameifikia kwa njia yao wenyewe, na kwa maoni yangu wameifikisha mbali zaidi, kwa sababu masika yao ni karibu mwaka mzima.

Upande wa Walikale mambo hubadilika. Ukishuka kutoka vilimani kuingia msituni, joto linapanda, kivuli kinakuwa kizito na kuoza kunakwenda mbio. Rundo linaloiva kwa miezi mitatu au minne kule juu huhitaji muda mfupi zaidi huku chini. Nyumba nyingi zina kipande nyuma ya jiko ambako maganda ya muhogo, majivu na ufagio wa uwanja hutupwa miaka yote, na hapo ndipo pilipili, tumbaku na lengalenga hustawi kuliko popote. Hakuna anayeita hiyo mboji. Ni mboji, na kukiwa na mtu wa kuigeuza na kuifunika ingekuwa bora mara mbili.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa Masisi hana budi kulijua na ambalo fundi wa Indore hakulihitaji. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria unaozifanya ndizi ziive kabla ya wakati na kuoza kwa ndani, ulionekana Masisi, mara ya kwanza kwa Kongo nzima. Tangu hapo umezunguka Kivu yote. Mgomba ni moyo wa rundo la huku: majani yake ni paa, na shina lake lililokatwakatwa ni chakula. Lakini shina la mgomba mgonjwa likikatwa kwa panga, panga hilo hilo linaupeleka ugonjwa kwenye mgomba ufuatao. Kwa hiyo mama wa Karuba anapasua kila shina kabla ya kulikubali na kulitazama kwa ndani. Akiona rangi ya kahawia, au ute wa njano ukijitokeza, shina hilo haliingii kwenye rundo. Analiacha mbali na migomba mizima hadi liishe lenyewe, na panga linapitishwa juu ya moto. Ua la kiume la mgomba, linalovutia wadudu wabebao ugonjwa, analivunja kwa mti wenye panda bila kuligusa kwa chuma. Kila mgomba. Kila mkungu. Ninapoona uangalifu wa namna hiyo katika shamba ambalo hajui kama atakuwemo mwakani, nakosa neno la kutosha.

Sitaki kuipa mboji sifa isiyo yake. Viazi vya Masisi vina adui anayeitwa mildiu, na katika wiki za ukungu mfululizo adui huyo anaunguza shamba zima kwa siku chache, liwe na mboji au lisiwe nayo. Mbegu safi, nafasi pana kati ya mistari, aina zinazovumilia, na kuondoa mapema majani yaliyoungua vinasaidia, havimalizi tatizo. Mashina ya viazi vilivyougua pia hayafai kuwekwa kwenye rundo na mtu asiyekuwa na hakika ya joto lake. Anayemwambia mkulima wa huku kwamba njia za asili zinatosha kwa kila ugonjwa hajawahi kusimama katika shamba la viazi mwezi wa Novemba. Kwa kabichi na poro, kinyume chake, nimeona kwa macho kwamba zinatosha. Utupa, ule mmea unaojulikana kwa kulevya samaki, ukipondwa na kulowekwa unafukuza wadudu wengi, ila aoshaye ndoo yake aende mbali na kijito.

Swali linaloniumiza ni la muda. Mboji inataka miezi mitatu, na Masisi ya miaka hii haimhakikishii mtu miezi mitatu. Maelfu kwa maelfu ya watu waliyaacha mashamba yao wakaishi kwenye kambi za pembeni mwa Goma, juu ya mawe ya lava, ambako hata udongo wa kujaza gunia moja la mboga ni wa kutafuta. Februari 2025, baada ya Goma kuchukuliwa na waasi wa M23, kambi hizo zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao katika siku chache. Wengi walipanda tena kuelekea Masisi. Shamba lililoachwa mwaka mmoja huku ni kichaka. Na Februari ndiyo mlango wa sezoni B: asiyepanda maharagwe ndani ya wiki chache atangoja hadi Septemba.

Kwa hali hiyo ustadi una sura ya haraka, na ukiuona ndipo unapojua fundi ni nani. Kichaka kilichoota shambani, mara nyingi, kimejaa alizeti mwitu. Aliyezoea kukisoma haoni balaa tu. Anavikata vichipukizi laini, anavitandaza kwenye mifereji ya kupandia, anavifukia vibichi, na baada ya wiki mbili hivi anapanda juu yake, kwa kuwa majani hayo huoza upesi na kuachia chakula mapema. Sehemu nyingine analoweka katika ndoo yenye kifuniko, anakoroga kila siku, na baada ya wiki mbili anayachanganya maji hayo, sehemu moja kwa mbili za maji safi, na kuyamwagia mashina ya mboga. Mashina magumu yaliyobaki anayalaza chini, yakikatizana, kuwa msingi wa rundo. Vikavu hana, kwa hiyo anaomba kwa jirani aliyebaki: gunia la maganda ya maharagwe, na atalirudisha baada ya mavuno. Deni la maganda ni jambo la kawaida kati ya wanawake hawa, na linalipwa.

Maharagwe yaliyopandwa Machi yanavunwa Juni. Wakati huo rundo lililoanzishwa wiki ile ile limeiva: limekuwa jeusi, limepungua hadi nusu ya kimo chake, na ukilinusa unapata harufu ya msitu baada ya mvua. Linabaki limeezekwa kiangazi chote, kwa sababu virutubisho vyake huoshwa na mvua hata ya siku moja. Septemba likifunuliwa, kila shimo la kiazi linapata viganja viwili, kitalu cha poro kinapata cha kutandaza, na vipande ambavyo havikuoza vinachekechwa na kutupwa katika msingi wa rundo jipya.